Kesi ya Ajali katika Nchi ya Himahima

Tegeni sikio. Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na wengi waliopita huko walirudi kimya, kwa kuwa waliona aibu kusema waliyoyaona. Aliyeyasema ni Bi Somoe binti Kheri, na alikuwa na sababu ya kuyasema.

Bi Somoe alikuwa wakili. Hakuwa wakili wa kupaza sauti na kupeperusha joho. Yeye alikuwa wa kusikiliza, kisha kuuliza swali moja dogo, na mtu akajikuta amekwisha kujieleza mwenyewe hadi mwisho. Alikuwa amevuka miaka hamsini, mjane, mwenye sauti ya chini na mwendo wa taratibu. Mwendo huo wa taratibu ndio uliomtia matatani siku ile ile aliyoingia Himahima.

Alikwenda kwa msiba. Tunu, binti wa kaka yake, alikuwa ameolewa huko na seremala mmoja aitwaye Kombo. Habari zilizofika nyumbani zilikuwa fupi: basi walilopanda limepinduka, Kombo amefariki, Tunu yuko hospitali na mguu umevunjika. Bi Somoe alifunga mlango wake, akamwachia jirani kuku wake, akaondoka.

Alipotaka kuvuka barabara kuelekea hospitali, aliinua mkono kuyasimamisha magari, kama alivyozoea kwao. Askari akamshika bega.

"Mama, umeyaomba radhi magari?"

"Magari yapi?"

"Yote. Mwenda kwa miguu akitaka kuvuka huinamisha kichwa, huomba radhi, kisha hukimbia. Wewe umeinua mkono. Mkono ulioinuliwa ni amri, na mwenda kwa miguu hana amri juu ya mtu."

Bi Somoe akaliinamia lori moja ambalo halikumtazama, akaomba radhi, akakimbia. Alikuwa hajakimbia tangu alipokuwa mwari.

Siku zilizofuata aliona mengi. Alipanda teksi akavuta mkanda, dereva akaegesha kando ya njia, akanyamaza kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Nimekukosea nini, mama?" akauliza. "Umejifunga mkanda. Ndiyo kusema siwezi kuendesha." Kumbe huko mkanda ulikuwa tusi, na sheria ilimpa dereva haki ya kumteremsha abiria aliyemtukana. Waendesha pikipiki waliovaa kofia ngumu waliitwa waoga, na mabinti walikataa kuposwa nao. Matuta ya barabarani yalipigwa marufuku kwa kuwa yaliwatikisa viongozi ndani ya magari yao. Basi lililofika la kwanza lilitunukiwa bendera, likaifunga mbele na kuipeperusha siku nzima, na abiria wake walitembea kifua mbele mjini kana kwamba wao ndio waliovuta basi.

Juu ya lango la Bunge yalichongwa maneno ambayo sisi huyasema kwa kufarijiana: Ajali haina kinga. Huko hayakuwa ya kufariji. Yalikuwa ibara ya kwanza ya katiba.

Na kwenye ukuta mrefu wa Bunge hilo ulichorwa mstari mwekundu, unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia kama mlima. Ulikuwa mstari wa waliokufa barabarani mwaka hata mwaka. Kila mwaka mpya mchoraji wa serikali alipanda ngazi na kuuongeza, na wataalamu wakasimama chini kuueleza. Magari yameongezeka, walisema, na watu wameongezeka, na mvua nayo imeongezeka, basi mstari ungefanya nini? Nchi isiyo na mstari unaopanda ni nchi isiyo na magari. Wabunge wakapiga makofi. Waliojeruhiwa hawakuchorwa popote, kwa sababu aliyejeruhiwa alihesabika kuwa ni mtu mwenye bahati, na bahati, walisema, haihesabiwi.

Tunu alikuwa amelazwa wodi ya mifupa, mguu umetundikwa juu kwa kamba na jiwe. Alipomwona mgeni wake macho yalimjaa machozi, lakini akatabasamu kwa haraka, kama aliyekumbuka kuna mtu anamwangalia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Usiseme pole, shangazi. Hapa aliyepona huambiwa hongera. Kesho kutwa wananifanyia karamu ya shukrani, nitavalishwa shada la maua. Nikilia nitaonekana sina shukrani."

"Na yaliyotokea? Yalitokeaje?"

Tunu akatazama mlango. "Hayo hayasemwi. Aliyepona hana shauri, ndiyo sheria. Ukisimulia ulivyoumia, unashtakiwa kwa kuvunja moyo wasafiri."

Kabla Bi Somoe hajajibu, ving'ora vililia nje, na msafara wa magari ukaingia uani kwa kasi ya kutisha. Aliyeteremka ni Mheshimiwa Sebtuu, Waziri wa Rambirambi. Wizara yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote nchini. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda mgongo, mwenye sauti laini iliyofaa misiba. Alisimama katikati ya wodi, akafungua karatasi, akasoma jinsi taifa lilivyoguswa na linavyowapongeza walionusurika. Akamalizia, "Ajali haina kinga." Vitanda vyote vikaitikia, "Haina."

Bi Somoe alimtazama vizuri yule waziri. Karatasi aliishika chini, mbali na macho. Aliisoma bila kuitazama hata mara moja, na midomo yake ilitetemeka kidogo kwenye neno la mwisho.

Wageni walipoondoka, Tunu alimvuta shangazi yake karibu na kumnong'oneza yote. Kwenye Kona ya Mkunjo, kilomita chache nje ya mji, kulikuwa na lundo la kokoto lililomwagwa katikati ya njia tangu masika, shimo la zamani lilipozibwa, likasahauliwa hapo bila alama yoyote. Basi lao lilikuwa likishindania bendera na basi jingine. Matairi yake yalikuwa vipara. Kombo alimwambia dereva apunguze mwendo, abiria wakamzomea na kumwita mtu wa shamba. Mikanda ilikuwa imekatwa zamani. Basi Kombo akachukua kanga ya mkewe, akamfunga nayo kwenye kiti, akakaza fundo mara mbili huku watu wakicheka.

"Kanga nyingine hatukuwa nayo, shangazi," Tunu akasema. "Ya pili ya doti niliiacha nyumbani, nikachukua moja tu."

Bi Somoe akamshika mkono na kukaa naye hivyo mpaka jua lilipogeukia dirisha la pili.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo Bi Somoe mwenyewe alilisikia akadhani ni mzaha. Katika Himahima, Ajali alikuwa mtu. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini kisheria alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu. Alikuwa na chumba chake gerezani, kipana, kikilindwa na kikosi cha askari. Alipikiwa kila siku, na askari wakasaidia kula. Kila gari lilipopinduka, serikali ilitangaza kwamba Ajali ametoroka gerezani. Alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha maisha, ikatangazwa kwamba amerudishwa ndani, na askari waliomrudisha wakapandishwa vyeo. Hivyo waliofiwa walipata mkosaji, mkosaji akapata adhabu, na watu wakaenda zao nyumbani.

Kesi ya basi la Kombo ilisomwa wiki ile ile. Bi Somoe alikwenda kuitazama, akakaa nyuma kabisa. Kizimbani kulikuwa na kiti kitupu kilichofungwa pingu. Karani akasoma shtaka akikielekea kile kiti, kisha akauliza kama ilivyo desturi, bila kungoja jibu, "Mshtakiwa anaye wakili?"

"Anaye," ikajibu sauti ya chini kutoka nyuma.

Karani alikuwa amekwishafungua ukurasa wa hukumu. Akaufunga. Jaji Mkuu Mwandazi, mzee mkavu aliyekuwa hajainua kichwa miaka mingi, akavua miwani.

"Wewe ni nani?"

"Somoe binti Kheri, wakili. Nimeona mshtakiwa anahukumiwa bila mtetezi. Sheria yenu inasema kila mtu ana haki ya kutetewa, na ninyi mnasema huyu ni mtu."

Jaji akanong'onezana na majaji wenziwe, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemrudisha mgeni aliyekosea mlango, "Bibi, kwa kuwa mshtakiwa huyu ni hodari wa kutoroka, sheria inasema wakili wake akishindwa, ataingia gerezani pamoja naye. Maisha. Ndiyo maana hajapata wakili. Unaweza kukaa chini, na mahakama itasahau kwamba ulisimama."

Bi Somoe alifikiria nyumba yake na kuku wake. Alifikiria pia fundo la kanga lililokazwa mara mbili.

"Nashukuru," akasema. "Nitasimama."

Aliyekasirika kuliko wote ni Tunu. Habari zilimfikia kitandani kabla shangazi yake hajafika, na Bi Somoe alipoingia wodini alikuta uso umegeukia ukutani.

"Unamtetea aliyemuua mume wangu," Tunu akasema.

"Nani alimuua mume wako? Niambie tena kama ulivyoniambia."

"Ajali."

"Hivyo sivyo ulivyoniambia, mwanangu. Anza na kokoto."

Tunu akaanza na kokoto. Akaja kwenye matairi, kwenye bendera, kwenye mikanda iliyokatwa na abiria waliozomea. Alisema polepole, na kila alipofika mahali akasimama kidogo, kama mtu anayefungua vyumba vya nyumba akitafuta kitu. Akafika mwisho.

"Umemwona humo?" shangazi yake akamuuliza.

Tunu akatikisa kichwa. Alilia siku ile, akalia kwa sauti, na waliokuwa vitanda vya jirani wakaziba masikio kwa hofu ya sheria. Kisha akafuta uso kwa shuka na kusema, "Nitakuja kusema mbele ya jaji."

"Watakufunga."

"Mguu mmoja umekwishafungwa. Waje wafunge na wa pili."

Bunge nalo halikulala usingizi juu ya jambo lile. Liliitisha kikao maalumu kujadili kama mgeni anaweza kumtetea Ajali. Mbunge mmoja alisema huo ni usaliti. Mwingine alipendekeza Ajali apewe wakili mzalendo atakayeshindwa kwa heshima. Mbunge wa tatu, bingwa wa hotuba, ndiye aliyefika kwenye kiini bila kukusudia. "Waheshimiwa," alisema, "hebu tufikiri. Tuseme Ajali ameachiwa huru. Nani atabaki?" Wabunge wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama viatu vyake. Kikao kikaahirishwa bila azimio, na kesi ikaendelea.

Siku ya kusikilizwa, watu walijaa mpaka madirishani. Shahidi wa kwanza wa serikali alikuwa mkuu wa gereza, bwana mmoja mnene mwenye nishani kifua kizima. Alieleza jinsi Ajali alivyo mjanja, anavyopenya kwenye kufuli bila kulivunja. Bi Somoe akasimama.

"Bwana mkuu, ulikuwapo kazini mwaka ule ambao mafuta ya magari yaliadimika?"

"Nilikuwapo. Magari yalilala barabarani miezi mingi."

"Mwaka ule mshtakiwa alitoroka?"

Mkuu wa gereza akafikiri. "Mwaka ule alitulia. Tulimsifu."

"Mafuta yaliporudi?"

"Alitoroka wiki ile ile."

"Alijuaje, naye yumo ndani, kwamba mafuta yamerudi?"

Mtu mmoja dirishani akacheka, akajiziba mdomo. Mkuu wa gereza akamtazama jaji, jaji akamtazama yeye. "Labda," akasema hatimaye, "alisikia harufu."

Hapo kicheko kikaenea ukumbi mzima, na karani akagonga meza muda mrefu. Lakini Bi Somoe hakucheka. Akaomba kumwita shahidi wake, Tunu mjane wa Kombo.

Mwendesha mashtaka akaruka juu. Aliyepona hana shauri, alisema, na huyu amepona. Ni sheria ya mababu.

"Ni kweli hana shauri," Bi Somoe akajibu. "Shauri hili si lake. Ni la Ajali. Yeye ni shahidi tu, na sheria yenu haikusema aliyepona hana macho."

Jaji Mwandazi akafumba macho. Alikuwa ameketi kwenye kiti kile umri wake wote wa utu uzima akisoma hukumu moja. Alipofumbua macho alisema neno moja tu: "Apande."

Tunu akapanda kizimbani kwa magongo, mguu mweupe kwa plasta. Hakutaka kusaidiwa. Alisema yote, kwa sauti iliyoanza ndogo na kukua kadiri alivyosema. Alitaja lundo la kokoto na matairi. Aliwataja waliozomea, akasema na yeye alikuwa akiona haya kwa ajili ya mumewe siku ile, alitamani anyamaze asiwaaibishe. Alieleza kanga. Mwisho akageukia kile kiti chenye pingu. "Huyu simjui," akasema. "Siku ile hakupanda basi letu."

Kabla hajateremka, mwanamume mmoja akasimama katikati ya watu. Mkono wake wa kushoto uliishia kiwikoni. Alisema hakuitwa, ila na yeye aliumia Kona ya Mkunjo, kwenye shimo lililokuwapo kabla ya kokoto, wala hakumwona Ajali. Akasimama mama mmoja aliyeongozwa na binti yake. Akasimama mwalimu, akajitokeza fundi cherehani aliyekuwa akikaa kwenye kigari cha magurudumu. Huyu hakuweza kusimama, basi aliinua mkono. Wakaendelea kujitokeza, ndani ya ukumbi na nje barazani, watu waliokuwa wakipita mitaani kila siku wakiambiwa hongera. Hakuna aliyejua kwamba ni wengi hivyo. Wao wenyewe hawakujua. Walitazamana kama ndugu waliopotezana, na askari waliotumwa kuwakamata wakasimama mlangoni wasijue waanze na nani. Mmoja wao, koplo mwenye kovu shingoni, akavua kofia na kuingia upande wa wale waliosimama.

Bi Somoe alingoja utulivu urudi. Kisha akaomba kumwita Mheshimiwa Sebtuu.

Waziri wa Rambirambi alipanda akiwa ameshika karatasi yake. Mwendesha mashtaka alitulia. Huyu alikuwa mtu wa serikali.

"Mheshimiwa," Bi Somoe akasema, "hotuba ile ya rambirambi umeisoma mara nyingi."

"Mara nyingi sana."

"Iko mara moja ambayo hukuweza kuimaliza?"

Waziri akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni.

"Iko," akasema.

"Ulikuwa msiba wa nani?"

"Wa binti yangu, Zena. Alikuwa akienda kwa miguu kumtazama bibi yake. Kona ya Mkunjo, wakati wa lile shimo." Sauti yake laini ilikuwa imekwisha, ikabaki sauti nyingine, kavu, ya mzee wa kawaida. "Basi lilikwepa shimo, likamfuata yeye kando ya njia."

"Shimo lile lilijulikana?"

"Mimi nililijua. Nilikuwa Waziri wa Barabara wakati huo. Watu wa kule waliniletea malalamiko, nikawaambia subirini. Baada ya maziko wakanihamishia wizara hii, wakasema nina uchungu unaofaa." Akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Nimesema miaka yote hii kwamba ajali haina kinga. Nilitaka iwe kweli. Kwa sababu kama ina kinga, basi mimi ndiye niliyekuwa nayo mkononi, na sikumkinga mwanangu."

Mwendesha mashtaka alikuwa na haki ya kumhoji shahidi, lakini alikaa, akajifunika uso.

Bi Somoe hakutoa hotuba ya mwisho. Alisema tu, "Mheshimiwa Jaji, mteja wangu hana la kuongeza," akaketi.

Jaji Mwandazi aliandika kwa muda mrefu. Wakati wote uliopita hukumu ilikuwa imechapwa tayari. Mara hii ilimbidi aombe kalamu. Kisha akasoma. Mahakama imemtafuta mshtakiwa katika ushahidi wote, haikumwona. Imeona shimo, imeona kokoto, matairi, bendera, mikanda iliyokatwa, mwendo, na malalamiko yaliyoambiwa yasubiri. Vitu hivi vyote vina wenyewe. Wenyewe wataitwa kwa majina yao, mmoja mmoja, na mahakama itaanza na wale wenye vyeo. Aliyepona ana shauri kuanzia leo. Ajali ameachiwa huru.

Mji mzima ulikwenda gerezani kumwona akitoka. Askari wakafungua kufuli, wakafungua mlango wa chuma, wakasogea pembeni. Watu wakachungulia chumba kile kipana kilichofagiliwa vizuri, chenye kitanda kisichowahi kulaliwa. Kisha mwanamke mmoja mzee, ambaye alikuwa amezika wana, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi kokoto bado ziko barabarani."

Wakageuka wote. Walikwenda kwa miguu mpaka Kona ya Mkunjo, kundi refu kama la harusi, wengine wakichukua sepetu na karai njiani, wengine wakichukua sufuria za jikoni kwao. Magari yalipiga honi nyuma yao, kisha yakaacha kupiga, madereva wakashuka. Mheshimiwa Sebtuu alivua koti, akalitundika kwenye mti wa mwiba, akashika karai. Alibeba kokoto kama vibarua wengine, hakuna aliyempisha wala kumsifu, na yeye hakutaka. Wasioweza kubeba waliketi ukingoni, magongo yamelazwa majanini, wakaimba nyimbo za kazi, na pale walipoishiwa nyimbo wakazirudia. Tunu alikuwa miongoni mwao. Jua lilikuwa bado juu wakati jiwe la mwisho lilipoondolewa. Pakaonekana lami chini, nyeusi, imelala sawa. Mtu mmoja akafagia kwa matawi. Kisha vikapigwa vigelegele ambavyo, walivyosema wakulima wa mabonde ya mbali, viliwafikia huko wakadhani kuna mfalme ameoa.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Bi Somoe aliombwa abaki, akabaki, akawafundisha mawakili wachanga kuuliza maswali madogo. Matuta yalirudi, na viongozi walitikiswa na kuzoea. Mkanda ukawa heshima. Dereva aliyeona abiria hajajifunga alidhani amedharauliwa. Bendera ilifutwa. Tajiri mmoja wa mabasi aliapa kuendelea na mashindano, akatangaza safari za kasi kwa wanaume wa kweli. Wiki ya kwanza alijaza basi, wiki ya pili nusu, kisha dereva wake mwenyewe akamletea funguo na kusema mkewe amekataa.

Jambo lililowatisha ni hesabu ya majeruhi. Bunge liliagiza nao wachorwe ukutani. Mchoraji alipanda ngazi, akachora mpaka akafika darini, akateremka kuuliza afanye nini, kwa maana ukuta umekwisha. Wabunge walitazama mstari ule wa pili ukiufunika ule wa kwanza kama mlima unavyofunika kichuguu, na siku hiyo hakuna mtaalamu aliyesimama kuueleza.

Kisha, mwaka uliofuata, mistari yote miwili ilishuka. Mchoraji alikuwa hajawahi kuchora mstari unaoshuka. Alisimama juu ya ngazi na brashi mkononi, akauliza mara mbili kama wana hakika. Mbunge yule bingwa wa hotuba alitaka kujua kama kushuka si kurudi nyuma kwa taifa. Akajibiwa na mwalimu mmoja aliyekuwa kwenye jukwaa la wageni, ambaye hakuruhusiwa kusema, "Mheshimiwa, huko chini ndiko waliko watoto wetu walio hai, wanakula chakula cha mchana." Mstari ukachorwa. Mwaka uliofuata ukashuka tena, na uliofuata tena. Haukufika sakafuni, na Bi Somoe hakuwaacha wasahau hivyo. Lakini ulishuka.

Sikukuu ya Idi ndiyo iliyokuwa siku mbaya kuliko zote katika nchi ile. Watu wote husafiri, wote wana haraka, na wodi ya mifupa ilikuwa ikitandika magodoro mpaka ukumbini. Mwaka wa mwisho, kabla Bi Somoe hajarudi kwao, yeye na Tunu walipika sinia kubwa la pilau na kulipeleka wodini, kwa ajili ya watakaoletwa. Tunu alitembea bila gongo, akichechemea kidogo. Angechechemea hivyo maisha yake yote.

Muuguzi wa zamu, Mwanahawa, alikuwa amesimama katikati ya vitanda vilivyotandikwa shuka nyeupe. Dawa zimepangwa, bandeji zimepangwa. Amesimama tangu alfajiri, akitazama mlango.

"Bado hawajaja?" Tunu akauliza.

"Bado."

Wakangoja naye. Adhuhuri ikapita. Mara moja mlango ulifunguliwa, wote watatu wakageuka, akaingia mtoto aliyejikata kidole kwa kisu cha tikiti maji. Akafungwa kidole, akapewa tende, akaenda zake. Alasiri ikaadhiniwa. Kutoka nje zilisikika sauti za watu waliorudi kutoka safari wakiitana na kuteremsha mizigo, na watoto wakigombania nani amekua zaidi.

Pilau ilianza kupoa. Muuguzi Mwanahawa alitazama mlango mara nyingine, kisha akakaa kitandani. Tunu hakuwahi kumwona amekaa. Muuguzi akavua viatu, kimoja kimoja, akavipanga chini ya kitanda cha mgonjwa asiyekuja, akanyoosha vidole vya miguu.

"Lete hilo sinia, mwanangu," akasema. "Tule."